Vitabu vya Marejeo vya Kemia Changanuzi katika Chuo Kisicho na Mitambo

Mwezi Februari 2023 maktaba ya chuo chetu ilipokea sanduku la vitabu vya kemia, zawadi ya wahisani ambao hatujapata kuonana nao. Mkutubi alituita tukalifungue pamoja. Vilikuwamo vitabu tisa, na vitatu kati yake ndivyo vilivyotusukuma kuandika makala haya: Quantitative Chemical Analysis cha Daniel Harris, toleo la kumi lililotoka mwaka 2020, Principles of Instrumental Analysis cha Skoog, Holler na Crouch, toleo la saba, na Vogel's Textbook of Quantitative Chemical Analysis, toleo la tano la mwaka 1989. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini tunakiita kipya hiki cha mwisho. Kwetu kilikuwa kipya, kwa kuwa nakala ya Vogel tuliyokuwa nayo hadi siku ile ilikwisha poteza jalada na sura zake za mwanzo zote, nasi kwa miaka mingi tulikuwa tukifundishia mabaki yake.

Vitabu hivi vina ukoo mrefu. Arthur Vogel, aliyekuwa mwalimu katika Woolwich Polytechnic mjini London, alitoa kitabu chake cha kwanza cha uchanganuzi wa kiasi mwaka 1939. Skoog na West walitoa chao cha mitambo mwaka 1971. Na Harris akaingia uwanjani mwaka 1982. Tangu hapo kila kimoja kimekuwa kikitolewa upya na kunenepa. Atakayevishika vyote vitatu kwa mkono mmoja atakuwa na mkono wenye nguvu.

Tulipovipeleka ofisini tulifanya jambo ambalo, kwa fikira zetu, mkufunzi yeyote wa sayansi mwenye maabara maskini angelifanya. Tulifungua moja kwa moja kurasa zenye picha za mitambo. Maabara yetu ina bureti kumi na mbili, mbili kati yake zikivuja; ina pipeti, mizani moja inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na kabati la kemikali ambalo funguo zake ziko mahali pawili kwa sababu za usalama. Spektrofotomita haimo. Mtambo wa kupima metali kwa ufyonzaji wa mwanga wa atomu haumo, wala wa kromatografia. Basi kurasa zile zilikuwa kwetu kama dirisha la duka kwa mtu asiye na fedha. Tulisoma jinsi Alan Walsh huko Australia alivyoeleza mwaka 1955 kwamba badala ya kupima mwanga unaotolewa na atomu ndani ya mwali wa moto, tupime ule unaofyonzwa nazo, na jinsi kila elementi inavyohitaji taa yake yenyewe ili ijitambulishe. Tulichora taa hiyo ubaoni. Tulichora mwali wa hewa na asetilini wenye joto la takriban nyuzi 2300 za Sentigredi. Kwa muda wa wiki sita wanachuo wetu walinakili michoro, na katika jaribio la mwisho wa wiki hizo wengi wao waliichora upya vizuri sana, wakataja sehemu zote kwa majina. Tulifurahi. Tulidhani tumeleta maarifa ya kisasa chuoni petu.

Hatukatai kwamba mwalimu wa kemia anapaswa kujua mitambo hiyo ipo na inafanyaje kazi. Tunachokiri ni kwamba katika wiki hizo sita hatukufundisha uchanganuzi. Tulifundisha uchoraji. Na kilichotuonyesha hivyo ni sura moja ya Harris ambayo imewekwa karibu kabisa na mwisho wa kitabu, pamoja na gunia la chumvi.

Hapa inatubidi turudi nyuma kidogo, hadi Novemba 2022, kabla ya sanduku kufika.

Mwezi huo tulikuwa tumewapa wanachuo wa mwaka wa pili zoezi la kupima madini joto katika chumvi ya jikoni. Zoezi hili tunalipenda, na tungependa kulipendekeza kwa walimu wenzetu wa vyuo na sekondari, kwa kuwa linahitaji vifaa vichache na linamgusa kila mlaji. Chumvi hutiwa iodini kwa umbo la iodeti ya potasiamu ili kuzuia ugonjwa wa tezi la shingo na, lililo baya zaidi, kudumaa kwa akili ya mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba chumvi inayofika nyumbani iwe na iodini isiyopungua miligramu 15 kwa kila kilo. Mwanachuo hupima gramu 10 za chumvi, huziyeyusha katika maji, huongeza asidi ya salfuriki na iodaidi ya potasiamu, na kuiacha chupa gizani kwa dakika kumi. Iodeti hugeuza iodaidi kuwa iodini, na mmumunyo huwa wa manjano. Kisha hutitiriwa thaiosalfeti ya sodiamu kutoka katika bureti. Rangi inapopauka huongezwa wanga, mmumunyo ukawa wa buluu, na thaiosalfeti ikaendelea kutiwa tone kwa tone hadi buluu itoweke. Ikiwa mmumunyo wa thaiosalfeti una moli 0.005 kwa lita, basi kila mililita moja iliyotumika humaanisha miligramu 10.58 za iodini katika kilo ya chumvi. Hesabu ni ya kuzidisha tu.

Chumvi tulichukua katika gunia la jiko la chuo, chumvi ya mawe, lile gunia lililosimama ghalani. Tulimtuma kiongozi wa darasa akaleta bakuli moja aliloteka mdomoni mwa gunia. Kabla ya kazi kuanza tuliandika ubaoni, kwa wema, kwamba darasa la mwaka uliotangulia lilipata 32, ili wanachuo wajue wanaelekea wapi.

Vikundi saba vilileta majibu kati ya 30 na 34. Mwanachuo mmoja, binti aliyefanya kazi peke yake kwa kuwa mwenzake alikuwa mgonjwa, alileta mililita 1.1, 1.2 na 1.2, yaani wastani wa kiasi cha 12. Tulimwuliza kama alipima gramu 10 kamili. Akasema ndiyo. Tulimwuliza kama aliacha chupa gizani. Akasema ndiyo.

"Rudia," tukamwambia.

"Mwalimu, nimekwisha rudia mara tatu."

"Rudia ya nne."

Alirudia, akapata 1.2. Wenzake walikuwa wamekwisha osha vyombo na kwenda kula. Tulimwonyesha namba iliyokuwa ubaoni, naye akatujibu kwa adabu, lakini bila kuinua macho: "Nikiandika thelathini na mbili nitakuwa nimeiandika mimi, si chumvi." Tulimpa alama 4 katika 10, na pembeni tukaandika kwa wino mwekundu kwamba aongeze uangalifu katika kusoma bureti. Mwezi wa Januari alama za maendeleo zikapelekwa zinakopelekwa.

Sasa turejee kwenye kitabu. Usiku mmoja wa mwezi Machi 2023, tukitafuta jambo jingine, tulifungua ile sura ya Harris inayohusu utayarishaji wa sampuli. Mwandishi anaeleza kwamba mtawanyo wa majibu una vyanzo viwili: upo unaotokana na upimaji, na upo unaotokana na uchukuaji wa sampuli, na kwamba mitawanyo hii miwili, ikipimwa kwa mraba wa mchepuko sanifu, hujumlishwa. Ni mlinganyo mfupi wenye herufi tatu. Maana yake ni nzito. Ikiwa mtawanyo wa sampuli ni mkubwa, kuboresha upimaji ni kazi bure; na kama kitu kinachopimwa hakikuchanganyika sawasawa, namba itokayo maabara husema habari za kijiko kilichochotewa, haisemi habari za gunia.

Tulikaa kitambo na ukurasa ule. Kisha tukamkumbuka yule binti.

Asubuhi yake tulikwenda ghala la jiko. Gunia la Novemba lilikuwa limekwisha liwa zamani, lakini lilikuwapo jingine la chumvi ya namna ile ile, limesimama pale pale sakafuni kwa wiki kadhaa, na upande wake wa chini ulikuwa na unyevu uliopenya hadi kwenye saruji. Tulimwomba mpishi mkuu ruhusa, naye akaitoa baada ya kutuuliza kama tunawatuhumu vijana wake kwa wizi. Tulichota sehemu tatu: mdomoni, katikati, na chini kabisa. Tukaenda maabara bila wanachuo, tukafunga mlango.

Ya juu ilitumia mililita 1.2, sawa na miligramu 12.7 kwa kilo. Ya katikati ilitumia 2.0, sawa na 21.2. Ya chini ilitumia 3.9, sawa na 41.3. Tulirudia kila moja mara tatu, na katika kila sehemu majibu hayakupishana zaidi ya mililita 0.1.

Sababu yake si siri kwa anayejua kemia ya chumvi. Iodeti huyeyuka katika maji. Chumvi ya mawe isiyokaushwa vyema, ikikaa mahali penye unyevu, huwa na utando mwembamba wa maji juu ya chembe zake. Maji hayo hubeba iodeti na kushuka nayo polepole, na gunia likiwa linapitisha maji, sehemu ya iodeti hutoka nje kabisa. Anayekula chumvi ya juu na anayekula ya chini hawali chumvi moja, ingawa gunia ni moja na maandishi yake ni mamoja. Wa juu yuko chini ya kiwango cha 15. Wa chini yuko juu yake kwa mbali.

Hatuwezi kuthibitisha kwamba gunia la Novemba lilikuwa hivyo hivyo. Lakini bakuli la Novemba lilichotwa mdomoni, na vikundi vyote vilitumia bakuli lile lile. Basi kama binti alipata 12 kwa haki, wale wengine saba walipata wapi 32? Swali hili tulilichukua darasani, tukaliuliza waziwazi, tukaahidi kwamba hakuna atakayeadhibiwa. Palikuwa kimya. Hatimaye kijana mmoja wa nyuma alicheka kwa aibu akasema, "Mwalimu, jibu ulikuwa umetuandikia ubaoni."

Walitueleza mengine baada ya hapo, maana kimya kikishavunjika hakirudi upesi. Wapo waliopata 12 wakaongeza matone hadi bureti isome 3.0, wakatazama mmumunyo ambao ulikwisha kuwa mweupe kama maji wakajisemea kwamba labda buluu bado ipo. Wapo ambao hawakufungua bureti kabisa baada ya mara ya kwanza. Na wapo walioangalia daftari la kikundi jirani. Wote hao walikuwa na alama 8 na 9, nao kabla ya kufika kwa sanduku la vitabu walikuwa wakijiandaa kwenda kufundisha watoto wa watu kwamba sayansi ni kuamini kile kinachoonekana. Hatusemi hayo kwa kuwalaumu. Ubao tuliuandika sisi.

Jambo hili tumelieleza kwa urefu kwa kuwa linahusu moja kwa moja matumizi ya vitabu vya marejeo. Fikirini kwamba wahisani wale, badala ya vitabu, wangetuletea mtambo wa bei kubwa wa kupima iodini. Tungeweka ndani yake chumvi ya bakuli, nao ungetuandikia 12.69 badala ya 12.7. Bureti yetu inakosea kwa mililita 0.1, yaani kwa miligramu moja hivi katika kilo. Gunia linatofautiana kutoka juu hadi chini kwa mililita 2.7, yaani miligramu 28 na zaidi. Mtambo ungepunguza kosa lile dogo na kuliacha lile kubwa lilivyo, na juu yake ungelipamba kwa desimali. Vijana wetu wangekuwa na hakika zaidi juu ya jibu ambalo halihusu gunia.

Kwa sababu hiyo tuna lawama ndogo kwa waandishi, nasi tunaitoa kwa heshima. Harris ameiweka sura ya sampuli nyuma ya mitambo yote, mahali ambapo mwalimu mwenye haraka hafiki. Skoog na wenzake wamezisukuma takwimu za makosa kwenye kiambatisho cha mwisho wa kitabu, kana kwamba ni chumvi ya kuongezea mezani. Vogel, ambaye wengi humdharau kwa kuwa ni mzee, ndiye aliyeanza na vyombo, kisha makosa na takwimu, kisha uchukuaji wa sampuli, na mitambo ikafuata baadaye. Sura hizo za mwanzo ndizo zilizokuwa zimechanika katika nakala yetu ya zamani. Mara nyingine tunajiuliza kama tungefundisha vingine laiti jalada lile lingekaa mahali pake.

Tangu Aprili 2023 tumebadili utaratibu. Wanachuo hawaanzi tena na mchoro wa mtambo. Wanaanza na gunia, na kila kikundi kinapewa jukumu la kueleza kwa maandishi, kabla ya kugusa mizani, kitachota wapi, mara ngapi, na kwa nini. Ubao unabaki mtupu. Jibu la mwaka uliopita hatulitaji hadi kila daftari limekwisha kusanywa. Na alama hatuzitoi kwa kulingana na namba yetu. Tunazitoa kwa kutazama kama masomo ya bureti yameandikwa yote, pamoja na yale yasiyopendeza, na kama maelezo ya tofauti yana mashiko.

Jambo la pili tulilolitoa vitabuni ni jaribio tupu, yaani kufanya hatua zote zile zile bila kile kinachopimwa. Hapo zamani tuliliona kama desturi tu. Sasa tunawapa wanachuo chumvi isiyo na madini joto, wanaitia asidi na iodaidi, na wakichelewa kidogo mmumunyo unaanza kugeuka manjano wenyewe, kwa kuwa oksijeni ya hewa nayo huigeuza iodaidi kuwa iodini. Mwanachuo anayeona manjano mahali pasipo na iodeti haulizi tena jaribio tupu ni la nini.

La tatu ni kuhakiki mmumunyo kwa kiwango kinachojulikana. Thaiosalfeti ya sodiamu haiaminiki kwa kupimwa katika mizani peke yake: fuwele zake hupoteza maji, na mmumunyo wake hudhoofika kadiri siku zinavyopita, hasa ukiingiwa na vijidudu. Hivyo huhakikiwa kwa iodeti ya potasiamu safi, ambayo hukaa bila kubadilika. Skoog analieleza jambo hili la viwango katika sura yake ya kwanza kabisa, kwa upande wa mitambo, na ni sura nzuri. Anasema kwa marefu yale ambayo sisi tunayasema kwa ufupi darasani, kwamba hakuna kifaa, kiwe cha shilingi elfu kumi au cha mamilioni, kinachojua kitu chochote mpaka kionyeshwe kile ambacho tayari kinajulikana.

Na ile mitambo? Hatukuiacha. Tulitengeneza sanduku. Ni sanduku la viatu lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenye taa ndogo ya kijani ya elektroniki upande mmoja, na upande wa pili kipande ambacho ukinzani wake hupungua kinapopigwa na mwanga. Katikati husimama bomba la jaribio lenye pamanganeti ya potasiamu, na ukinzani husomwa kwa mita ya fundi wa redio. Kijani tulikichagua kwa kuwa rangi ya zambarau ya pamanganeti hufyonza zaidi mwanga wa kijani. Tulipojaribu taa nyekundu mita haikusogea kwa maana yoyote, na wanachuo walijifunza kwa dakika tano umuhimu wa kuchagua urefu wa wimbi, jambo ambalo wiki sita za michoro hazikuwafundisha. Mwanachuo akichora grafu ya logi ya ukinzani dhidi ya kiasi cha pamanganeti, hupata mstari ulionyooka, na ndiyo kanuni ya Beer ya mwaka 1852 hiyo, imetoka ndani ya sanduku la viatu.

Mstari huo haunyooki hadi mwisho. Pamanganeti ikizidi, grafu hupinda na kulala. Mwanzoni tulidhani ni aibu ya sanduku letu, tukataka kuzificha nukta za mwisho. Kisha tulisoma katika Skoog habari za mwanga mpotevu, ule unaofika kwenye kipokezi bila kupita katika mmumunyo, tukaelewa kwamba hata mitambo ya kiwandani ina ugonjwa huo, ila kwa kiasi kidogo. Sanduku letu linavuja mwanga kwenye kifuniko. Tuliwapa wanachuo gundi ya karatasi na kitambaa cheusi, wakaziba, wakapima tena, na mstari ukarefuka. Hapo ndipo tulipowafungulia ukurasa wa kitabu wenye mchoro wa spektrofotomita halisi. Waliusoma kama fundi baiskeli anavyotazama pikipiki.

Liko pia suala la lugha, nasi tutalipitia upesi. Vitabu hivi ni vya Kiingereza, na mafunzo ya kemia kwetu hutolewa kwa lugha hiyo. Hata hivyo tumejizoesha kumtaka mwanachuo, akishamaliza kusoma aya, aieleze kwa Kiswahili bila kutazama kitabu. Ni katika zoezi hilo tulipogundua kwamba darasa zima halikutofautisha kati ya majibu yanayokaribiana na majibu yaliyo sahihi, kwa kuwa maneno mawili ya Kiingereza walikuwa wakiyakariri kama pacha. Mwanachuo mmoja aliwaeleza wenzake kwamba saa ya ukutani iliyo nyuma kwa dakika ishirini kila siku haiyumbi hata kidogo, ila inakosea. Hatujasikia maelezo bora zaidi ya hayo, wala hatukuyapata katika vitabu vyote tisa.

Kwa mwenzetu mwenye fungu dogo la fedha ambaye angetuuliza anunue kipi, maoni yetu ni haya. Mwenye bureti tu amtafute Vogel, hata toleo la zamani, mradi kurasa za mwanzo zimo. Atakayefundisha walimu amtafute Harris, na aanze na sura ya mwisho. Skoog ni wa yule ambaye mtambo umekwisha fika kwake, au unakaribia kufika. Na asiye na fedha kabisa asikate tamaa: David Harvey wa Chuo Kikuu cha DePauw nchini Marekani, ambaye kitabu chake Modern Analytical Chemistry kilitolewa mwaka 2000, alikigeuza baadaye kuwa kitabu kinachopatikana bure katika intaneti kwa jina la Analytical Chemistry 2.1. Sisi tumekichapisha sura tatu tu, ile ya sampuli ikiwa mojawapo, tukazishona kwa uzi, na ndizo zinazoazimwa zaidi ya vile vinene vyenye majalada ya kung'aa.

Limebaki jambo la yule binti. Tulimwita ofisini wiki ile ile ya Machi, tukamwonyesha namba tatu za gunia, tukamwomba radhi. Alama yake haikuwezekana kubadilishwa, kwa kuwa ilikwisha pelekwa. Tuliuliza, tukajibiwa kwamba hakuna fomu ya jambo hilo. Alitusikiliza, akashukuru, akarudi bwenini. Alimaliza mwaka ule, na sasa anafundisha kemia na biolojia katika sekondari moja ya kata.

Mwaka jana alituandikia barua. Alikuwa amefanya zoezi la chumvi na kidato cha tatu, kwa chumvi ambayo kila mwanafunzi aliileta kutoka kwao, na majibu alikuwa ameyapanga katika jedwali kwa mkono, nyumba ishirini na sita, bila kufuta hata moja. Kumi na moja zilikuwa chini ya 15. Aliomba tumtumie iodeti ya potasiamu safi kidogo, kwa kuwa shuleni kwake haipo. Kisha mwishoni, chini ya salamu, aliuliza kama siku ile tulipopima gunia tulikuwa tumeuhakiki upya mmumunyo wetu wa thaiosalfeti, au tulitumia ile chupa ya Novemba.

Tulitumia ile chupa ya Novemba. Tumemwandikia hivyo, na iodeti tumeiweka katika bahasha hiyo hiyo.